Aproni ya kuvunia: panda leo, shona leo, halafu upike na wa nyumbani

Kabla hujagusa mkasi nenda kwanza kapande mbegu. Najua umekuja hapa kwa ajili ya kushona lakini nisikilize kidogo, nyanya kutoka mbegu mpaka tunda jekundu inataka kama miezi mitatu minne hivi, aproni unaimaliza kwa alasiri mbili tu, kwa hiyo ukianza na cherehani utakaa na aproni nzuri imetundikwa ukutani haina cha kubeba. Ukianza na mbegu kila kitu kinakuja kukutana mahali pamoja, kitambaa, bustani, sufuria na watu wa nyumbani, na mimi hiyo ndo raha ninayoitafuta kwenye mambo haya, kuona kitu nilichokishona kinafanya kazi.

Mbegu zenyewe hazina mambo mengi. Chukua vikombe vidogo vya plastiki vya kutupa, toboa chini matundu matatu manne, jaza udongo laini usio na mawe, zamisha mbegu mbili kila kikombe kina cha nusu sentimita mpaka sentimita moja, nyunyizia maji taratibu zisije zikaelea, weka sehemu yenye joto. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 27 zitachipua ndani ya siku 5 mpaka 10. Kikombe kimoja kingine weka mrehani, huo mbegu zake ni ndogo sana kwa hiyo zimwage juu tu ufunike na udongo kidogo mno. Zikishachipua zipeleke kwenye mwanga mwingi siku hiyohiyo, manake mche ukikosa mwanga unarefuka kama uzi na haunyooki tena vizuri. Mtoto mpe kazi ya kuangalia vikombe kila asubuhi, ataamka kabla yako.

Sasa kitambaa.

Hii aproni ni ya kiunoni, haina sehemu ya kifuani, mbele ina mfuko mmoja mkubwa unaokaa wazi wenyewe ili ukiwa bustanini unadondosha vitu humo bila kuhangaika kuutafuta mdomo wake. Kitambaa kizuri ni pamba nzito kidogo, shuka la zamani lililokomaa linafaa sana, jinzi nyepesi pia inafaa. Vitambaa vinavyoteleza achana navyo, vinakimbia chini ya mguu wa cherehani na mfuko ukijaa vinavutika.

Fua kitambaa kabla ya kukata. Ukiwa na maji ya moto tumia maji ya moto, kianike, kipige pasi, ndo ukate. Pamba mpya inaingia ikifuliwa, na aproni yangu ya kwanza niliikata ikiwa mpya, mwili kitambaa kipya na mfuko kitambaa cha zamani, nikashona vizuri kabisa na mishono imenyooka, nikaifua mara moja tu mwili ukaingia mfuko ukabaki vilevile, mbele yote ikajikunja ikawa kama imekasirika. Iliniuma kweli kwa sababu ilikuwa zawadi. Tangu hapo hakuna kitambaa kinachopita mezani kwangu hakijaona maji.

Vipimo ndo hivi. Mwili, upana sm 60 na urefu sm 60. Mfuko, upana sm 70 na urefu sm 40. Hizo sm 10 za ziada kwenye mfuko usizipunguze, ndo siri ya aproni nzima na nitakuonyesha hapo chini. Mkanda, upana sm 10, na urefu wake pima kiuno cha mvaaji mara mbili halafu ongeza sm 60, kwa mfano kiuno cha sm 90 kinataka mkanda wa sm 240, utazunguka nyuma urudi kufungwa mbele. Kitambaa kisipofika unga vipande, ila maungio yasiangukie pale katikati unapofunga fundo. Unapokata fuata uzi wa kitambaa, yaani vuta uzi mmoja pembeni mpaka utoke, utaona mstari umebaki, kata hapohapo. Ukikata mshazari aproni itajisokota upande mmoja kila ikifuliwa na hakuna pasi itakayoirudisha.

Sindano namba 80 kwa shuka, ukitumia jinzi panda mpaka 90 au 100. Uzi poliesta wa kawaida, ni imara kuliko wa pamba. Urefu wa mshono mm 2.5, na pale kitambaa kinapokuwa tabaka nyingi ongeza mpaka 3. Na sindano ibadilishe jamani, watu wanashona na sindano moja mwaka mzima halafu wanalaumu cherehani, ukisikia inapiga tok tok inapotoboa kitambaa hiyo imeisha makali. Kama huna cherehani hii kazi inashoneka kwa mkono kabisa, tumia mshono wa kurudi nyuma, yaani sindano inatoka mbele inarudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia, ni polepole lakini haufumuki kirahisi.

Anza na mdomo wa mfuko. Ule upande mrefu mmoja wa kipande cha mfuko ukunje kwa ndani sm 1, piga pasi, ukunje tena sm 2, piga pasi, shona. Usiruke pasi! Pindo lililopigwa pasi linajishona lenyewe, lisilopigwa utapigana nalo mpaka mwisho, na kwa kweli mimi nikikaa kushona nusu ya muda ninao kwenye pasi, ile harufu ya pamba yenye moto na mvuke unaokupanda usoni nishaihesabu kuwa sehemu ya raha ya kazi.

Halafu zile sm 10. Upande wa chini wa mfuko tengeneza marinda mawili, moja kulia moja kushoto, kila moja limeze sm 5, weka pini kisha piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, ili yasikimbie. Chini sasa mfuko una upana wa sm 60 sawasawa na mwili, ila juu bado una 70. Weka mwili mezani uso wake ukiangalia juu, mfuko juu yake nao uso juu, linganisha chini na pembeni, piga bandi pande zote tatu. Utaona mdomo umebenuka wenyewe kama mdomo wa kinda linalosubiri kulishwa, na ndo tunachotaka. Mfuko uliokatwa sawa na mwili unalala bapa, ukiweka nyanya tatu umebana, ukiweka tano zinapondana.

Sasa kunja pande mbili za pembeni na chini, mwili na mfuko kwa pamoja, kuelekea nyuma, sm 1 halafu sm 1 nyingine, pasi, shona. Kwenye kona za chini kitambaa kitakuwa kinene mno, usiilazimishe mashine, zungusha gurudumu kwa mkono mishono michache mpaka uvuke. Na pale mdomo wa mfuko unapokutana na pembeni, pande zote mbili, shona kapembetatu kadogo ka sm 1 hivi halafu ukapitie tena. Uzito wote wa mavuno unaning'inia kwenye hizo nukta mbili na aproni nyingi huwa zinaanzia kuchanika hapo.

Mkanda ukunje katikati kwa urefu, piga pasi, ufungue, kingo zote mbili zilete zikutane kwenye ule mstari wa katikati, piga pasi, ukunje tena. Umepata mkanda wa sm 2.5 wenye tabaka nne. Tafuta katikati ya mkanda na katikati ya mwili, zikutanishe, ingiza ukingo wa juu wa mwili ndani ya mkanda kama karata ndani ya bahasha, pini, halafu shona kutoka ncha mpaka ncha bila kukata uzi. Ncha zenyewe ziingize ndani kabla hujafika.

Aproni imeisha. Ila bado mfuko mdogo, na huu ndo ninaoupenda kuliko vyote.

Mfuko mdogo unapimwa na mkono wa mtoto. Sio rula, mkono. Mlaze kiganja chake kwenye kitambaa, vidole vimetanuliwa kidogo, uchore kuzunguka kwa chaki. Mwanangu siku ya kwanza alikuwa anacheka kwa sababu chaki inamtekenya katikati ya vidole, mkono unachezacheza na mchoro ukatoka una vidole vinene kama ndizi, tukarudia mara tatu. Ukishapata mchoro ongeza sm 2 kila upande ili mkono uingie na kutoka ukiwa umeshika kitu, kisha ongeza sm 3 za kukunja kwa ndani, kushoto, kulia na chini. Najua sm 3 ni nyingi, fundi yeyote atakuambia moja na nusu inatosha, wewe acha 3. Juu kunja pindo la kawaida. Ushone mbele ya mfuko mkubwa au pembeni karibu na kiuno, popote atakapochagua mwenyewe. Humo ataweka mbegu, vijiti, konokono, yote sawa, kitu pekee kisichoingia humo ni mkasi. Kama atataka aproni yake mwenyewe gawa vipimo vyote kwa mbili isipokuwa mkanda, huo mpime kiunoni kwake.

Mtoto wa miaka mitano sita anaweza kuchomeka pini zenye vichwa vikubwa, kuchora chaki, kukusanya mabaki. Wa miaka minane tisa mkalishe kwenye cherehani kwa mwendo wa polepole ashone mstari mmoja ulionyooka, wewe simama nyuma yake na usimshike mikono, mwambie tu aangalie ukingo wa mguu wa mashine asiangalie sindano. Mstari ukipinda uache uliopinda.

Mabaki ya kitambaa usitupe, yachane vipande virefu vya upana wa sm 3 uvihifadhi. Vina kazi yake bustanini.

Haya, turudi kwenye vikombe. Baada ya wiki sita mpaka nane miche ya nyanya ina urefu wa kiganja na zaidi, na kama kwenu kuna msimu wa baridi subiri usiku usiwe unashuka chini ya nyuzi 10. Kila mche ndoo yake, ya lita 20, toboa chini matundu ya kutosha maana nyanya haipendi kukaa na miguu kwenye maji. Udongo changanya na mboji iliyooza vizuri. Wakati wa kupanda toa majani ya chini na uzamishe mche mpaka karibu na majani yaliyobaki, hata kama nusu ya shina inazama usiogope, shina la nyanya linatoa mizizi popote linapogusa udongo, kwa hiyo ukilizamisha mmea unakuwa na mizizi mingi zaidi. Mimea mingine usiifanyie hivo, itaoza.

Weka mti wa kuegemea siku hiyohiyo ya kupanda, ukisubiri mmea ukue ndo uchomeke utakata mizizi. Sasa leta vile vipande vya kitambaa. Zungusha kipande kwenye mti na kwenye shina kwa umbo la namba nane, njia panda ya ile nane ikae katikati ya mti na shina, ili visisuguane. Kamba ya plastiki na waya vinakata shina linapokuwa nene, pamba inanyumbulika nalo. Mimi nikiingia asubuhi nikaona nyanya zimefungwa na maua yaleyale yaliyo kwenye aproni yangu najisikia vizuri sana, sijui nielezeje.

Jua lipige kwa masaa 6 mpaka 8 kwa siku. Maji mwagia chini kwenye udongo sio kwenye majani, na kubwa zaidi yawe ya kila mara kwa kiasi kilekile, funika udongo na nyasi kavu usikauke haraka. Watu wengi wakiona nyanya imekuwa nyeusi kitakoni wanafikiri ni mdudu au ugonjwa wa kuambukiza, mara nyingi ni maji, leo umemwaga mengi kesho kutwa umesahau, mmea unashindwa kupeleka kalsiamu mpaka kwenye tunda hata kama udongo unayo. Zikipasuka ngozi pia ni hivohivo, udongo umekauka sana halafu ghafla umepata maji mengi. Maua yakitoka tikisa mti wa kuegemea kidogo mchana, kila ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, linataka mtikiso tu chavua idondoke. Hiyo kazi pia mpe mtoto.

Mrehani wenyewe ukishafika majani sita hivi kata ncha, juu kidogo ya jozi ya majani, pale ulipokata yatatoka matawi mawili. Endelea hivo kila wiki na usiuache utoe maua, ukitoa maua majani yanapungua na ladha inabadilika.

Kuvuna. Funga aproni, mkono mmoja shika shina, mwingine zungusha tunda mpaka liachie kwenye kale kafundo. Mikono itakuwa na rangi ya kijani inayoelekea njano na harufu kali ile ya majani ya nyanya, haitoki kwa suuza moja, na kwangu mimi hiyo harufu ni ya jioni nyumbani. Sio lazima usubiri ziive nyekundu kabisa, zikishaanza kuwa na uwekundu kidogo unaweza kuzichuma zikamalizikia kuivia mezani na ladha haipungui kiasi cha kusikitisha, utakuwa umezinusuru na ndege pia. Zipange upande wa kikonyo ukiangalia chini. Friji hapana kwa zile ambazo hazijaiva, baridi inazimaliza ladha. Na mfuko usiujaze zaidi ya kilo mbili tatu, kiuno nacho ni chako.

Ukifikisha kilo moja na nusu pika rojo. Hili halina ufundi, lina subira tu, na ni la kupika na mtu pembeni. Kata msalaba mdogo kitakoni kwa kila nyanya, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 mpaka dakika moja, zitoe ziweke kwenye maji baridi, ngozi itavuka kama soksi. Kumenya ni kazi ya mezani ya watu wawili watatu, kwetu bibi yake mtoto ndo anaongoza, anamenya huku anasimulia na hakuna anayeangalia simu kwa sababu mikono yote imelowa. Kaanga kitunguu kikubwa kimoja kwenye vijiko vinne vya mafuta, moto mdogo, dakika 10 mpaka 15, kiwe laini na kitamu bila kuungua, weka punje nne za kitunguu swaumu zilizopondwa, zikinukia tu mimina nyanya na kijiko cha chai cha chumvi. Acha wazi, usifunike, ichemke taratibu dakika 40 hivi huku unakoroga mara mojamoja, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaona njia inabaki kidogo kabla haijafunga. Onja. Ikiwa kali sana weka kipande kidogo cha siagi kabla ya kukimbilia sukari. Majani ya mrehani yachane kwa mkono uyaweke ukishazima moto, yakichemka yanapoteza harufu yote uliyoilea miezi yote hiyo.

Kula na chochote mnachokula kwenu. Inayobaki ikae kwenye friji siku tatu nne, au igandishe. Kuifungia kwenye chupa na kuiweka kabatini usijaribu kwa kukisia, nyanya nyingine hazina uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu vya sumu na kazi hiyo ina utaratibu wake wa limau na muda wa kuchemsha.

Nyanya moja, ile nzuri kuliko zote, usiipike. Ikate, kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku mbili tatu ule ute uachie, itanuka kidogo vumilia, suuza kwenye chujio, zianike kwenye sahani mpaka ziwe kavu kabisa. Usizianike kwenye karatasi, zitang'ang'ania. Ila kama pakiti uliyonunua iliandikwa mbegu chotara, watoto wake hawatafanana na mama, hizo nunua upya.

Aproni nayo kabla ya kufua pindua mifuko yote, hasa ule mdogo. Na zile sm 3 nilizokuambia uziache kwa ndani, mwakani siku ya kupanda mwite mtoto, mlaze tena kiganja chake juu ya mfuko wake. Vidole vikishapita mshono fumua pande tatu kwa ncha ya mkasi taratibu, toa sm 1 ya kitambaa kila upande, pasi, shona upya. Mstari wa mshono wa zamani utaonekana, rangi yake ni nzito kuliko pembeni. Wetu tumeufumua mara mbili sasa, una mistari miwili, na ndani bado kuna sentimita moja.